Pima Kiuno Kabla ya Kuilaumu Tezi Dume

Mwanaume aliyepita miaka 60, anayeamka mara tatu usiku kwenda msalani, huwa na majibu mawili tayari mdomoni. La kwanza ni uzee. La pili, baada ya kuzungumza na wenzake barazani, ni tezi dume. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Lakini lipo la tatu ambalo hufungiwa mkanda kila asubuhi na halitajwi: kitambi, pamoja na sukari na presha zinazoandamana nacho. Nawaandikia wazee hao, na wake zao ambao usingizi wao nao hukatika, na watoto wanaowalipia dawa. Neno langu ni moja: tezi dume haiishi peke yake mwilini. Ukiipeleka kwa daktari, peleka na kiuno, sukari na presha siku hiyo hiyo, kwa sababu mara nyingi kesi ni moja ila mafaili ndiyo mengi.

Tezi yenyewe ni ndogo. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, imekaa chini ya kibofu cha mkojo, na kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Balaa lake ni mahali ilipo: mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kadiri umri unavyosogea, ile sehemu ya ndani inayouzunguka mrija hukua polepole na kuubana. Wataalamu waliochunguza tezi za wanaume waliokufa kwa sababu mbalimbali walikuta ukuaji huo kwa karibu nusu ya wale wa miaka 51 hadi 60, na kwa waliovuka 80 walikuwa karibu tisa kati ya kumi. Ukuaji huo si saratani, na haugeuki kuwa saratani. Inabidi lisemwe kwa sauti, maana wapo wazee ambao wakiambiwa tezi imekua huanza kugawa mashamba. Wala si busha, wala si ngiri, ingawa mzee anayejikamua kwa nguvu kila akienda haja ndogo anaweza kuishia na ngiri juu yake.

Sasa, kama ni umri tu, mbona katika wazee wawili wa rika moja, mmoja analala mpaka adhana ya alfajiri na mwenzake anahesabu mabati usiku kucha? Homoni za kiume na urithi vina sehemu yao. Ila mwishoni mwa miaka ya 1990 daktari Jan Hammarsten na wenzake huko Sweden walianza kuona kitu kingine kwa wagonjwa wao: wenye kisukari cha ukubwani, presha, unene na insulini nyingi katika damu walikuwa na tezi zinazokua haraka kuliko wengine. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, wakitumia kumbukumbu za wanaume wa Baltimore waliofuatiliwa kwa miaka mingi, walikuta picha inayofanana na hiyo. Kila nukta moja iliyoongezeka katika BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, iliendana na tezi kubwa zaidi kwa wastani wa mililita 0.41. Wanene sana, wenye BMI ya 35 na kuendelea, walikuwa na hatari mara 3.5 ya kuwa na tezi iliyokua ikilinganishwa na wasio wanene. Na wale ambao sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa juu, hatari yao ilikuwa mara tatu.

Inakuwaje mafuta ya tumboni yaifikie tezi iliyo chini ya kibofu? Njia ni zaidi ya moja, na inayoongoza ni insulini. Mafuta yakijazana ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, seli za mwili huwa sugu kwa insulini. Kongosho hujibu kwa kumwaga nyingi zaidi. Kwa miaka kadhaa sukari inaweza kuonekana nzuri kwenye kipimo huku insulini ikiwa imejaa kwenye damu, na insulini haina kazi ya kushusha sukari tu. Ni kichocheo cha ukuaji, na tezi dume ni miongoni mwa viungo vinavyoisikia sauti yake. Zaidi ya hapo, insulini nyingi huamsha ile mishipa ya fahamu inayokaza misuli. Ndani ya tezi na kwenye shingo ya kibofu kuna misuli ya namna hiyo, kwa hiyo njia inaweza kubana hata kabla tezi haijawa kubwa. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mzee mwenye tezi ndogo kwenye ultrasaundi analalamika kuliko mwenye tezi kubwa.

Mafuta yenyewe nayo hayakai kimya. Hutoa kemikali zinazochochea uvimbe wa chini chini mwilini, na hugeuza sehemu ya homoni ya kiume kuwa estrojeni. Mishipa ya damu inayoziba taratibu kwa sababu ya sukari na presha ni ile ile inayolisha kibofu, na ni ile ile inayohitajika kwa nguvu za kiume. Ndiyo maana malalamiko haya matatu, mkojo, nguvu za kiume na moyo, hupenda kumjia mtu mmoja. Anayekimbilia dawa ya nguvu za kiume bila kupima presha na sukari amenunua kimya. Moyo wake ulikuwa unatoa taarifa.

Haya si kusema kila mwenye kitambi atabanwa mkojo. Wapo wembamba kama fito wanaowekewa mpira wa mkojo, na wapo wanene wanaosafiri Dar es Salaam hadi Mwanza bila kuomba basi lisimame wachimbe dawa. Tunazungumzia uwezekano, na uwezekano ndio unaoweza kupunguzwa.

Tuanze na kiuno, kwa sababu ndicho kipimo rahisi na ndicho wanaume wanachojidanganya nacho zaidi. Muulize mzee kiuno chake atakwambia namba ya suruali. "Mimi thelathini na nne tangu ujana." Ni kweli suruali ni 34, lakini imeteremka. Zamani ilifungwa kitovuni, sasa inafungwa chini ya tumbo, na tumbo limebaki juu likining'inia nje ya hesabu. Azima futi ya fundi cherehani, ile ya utepe laini. Vua shati, simama wima. Papasa ubavuni utafute mfupa wa mwisho wa mbavu, kisha mfupa wa juu wa nyonga, na uzungushe utepe katikati ya hiyo miwili. Utepe ulale sawasawa mbele na nyuma. Mke au mjukuu atazame upande wa mgongoni. Toa pumzi kawaida, usinyonye tumbo, usome. Kwa wanaume wenye asili ya Afrika kiwango kinachotumika ni sentimita 94, kama inchi 37. Kwa wenye asili ya Kihindi na Waasia wengine ni 90.

Ukivuka hapo, una alama moja kati ya tano. Nyingine ni presha ya 130 kwa 85 au zaidi, au kuwa tayari unatumia dawa ya presha. Sukari ya 5.6 au zaidi kabla ya kula asubuhi, au kuwa tayari unatumia dawa ya sukari (kwenye mashine zinazosoma kwa miligramu, hiyo ni 100). Mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi kufikia 1.7, na lehemu nzuri, HDL, kuwa chini ya 1.0. Mwenye tatu kati ya hizo tano huhesabiwa kuwa na kile madaktari wanachokiita sindromu ya metaboliki. Kiuno, presha na sukari utavipima hata kwenye zahanati. Mafuta ya damu yatahitaji maabara kubwa kidogo, lakini kama hayo matatu ya kwanza yamekwisha kuvuka mstari, jibu unalo hata kabla ya kufika maabara.

Nije sasa kwenye usiku, ambako ndiko wazee wengi wanakoanzia safari ya hospitali. Kuamka kukojoa si ushahidi wa tezi dume. Kuna njia ya kulibaini hili nyumbani kwa gharama ya jagi la plastiki lenye mistari ya vipimo na daftari la shule. Kwa siku tatu, kila ukikojoa, kojolea kwenye jagi, soma, andika saa na kiasi. Andika pia ulichokunywa, na saa uliyolala na kuamka. Chagua siku za kawaida. Ramadhani haifai kwa kazi hii, kwa sababu anayefunga hunywa maji yake yote kati ya futari na daku, na kibofu hakina budi kufanya kazi usiku. Daftari hilo litamwambia daktari mambo ambayo mzee mwenyewe hawezi kuyaeleza kwa maneno.

Ukikuta mkojo ni kidogo kidogo, mara nyingi mchana na usiku, unachelewa kuanza, unatoka kwa udhaifu na kukatikakatika, na ukimaliza unahisi haujaisha, hapo tezi dume na kibofu ndio washukiwa wa kwanza. Ukikuta jagi linajaa kila safari, mchana na usiku, jumla inapita lita tatu kwa siku na kiu haikatiki, acha habari za tezi kwanza. Pima sukari leo, wala usisubiri kesho. Figo zinapokutana na sukari nyingi kwenye damu huitoa pamoja na maji, na hakuna dawa ya tezi dume itakayouzuia mkojo huo. Kuna wazee waliomeza vidonge vya tezi miezi mingi huku ugonjwa wao ni kisukari.

Picha ya tatu ndiyo inayosahauliwa kabisa. Mchana mkojo ni wa kawaida, usiku ndio mwingi: kwa mzee, ukizidi theluthi ya mkojo wote wa saa 24, tatizo liko kwenye kiasi kinachotengenezwa usiku. Tazama miguu jioni. Ukibonyeza juu ya kifundo na kidole kikaacha shimo, maji yamekaa miguuni mchana kutwa, na ukilala yanarudi kwenye damu na kuishia kibofuni. Inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa figo, inaweza kuwa baadhi ya dawa za presha kama amlodipini. Anayevimba miguu kwa mara ya kwanza apimwe moyo na figo. Kisha, kulala chali kwa muda wa saa moja alasiri ukiwa umeinua miguu juu ya mito husaidia maji hayo yatoke kabla ya usiku. Kidonge cha kupunguza maji nacho kina saa yake. Ukikimeza baada ya chakula cha usiku umejipangia mwenyewe ratiba ya msalani. Muulize daktari kama unaweza kukihamishia asubuhi.

Kukoroma pia. Mnene anayekoroma, pumzi ikakatika kidogo kisha akashtuka, anapata shida ya hewa usingizini, na moyo uliobanwa kwa namna hiyo hutuma ujumbe kwa figo zitoe maji zaidi. Mke ndiye shahidi hapa. Mzee atakana, mama atasema: "Baba Asha hukata pumzi mpaka namtikisa." Sentensi hiyo iandikwe kwenye faili.

Na chumvi. Tomohiro Matsuo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nagasaki, Japani, walieleza mwaka 2017 kwamba watu wenye shida ya kuamka usiku walipopunguza chumvi kutoka wastani wa gramu 10.7 kwa siku hadi 8.0, safari zao za usiku zilishuka kutoka wastani wa 2.3 hadi 1.4. Chumvi hushika maji, na maji yaliyoshikwa lazima yatoke wakati fulani. Kile kikopo kidogo cha chumvi kinachokaa mezani karibu na mchuzi ambao tayari umetiwa chumvi jikoni kiondolewe. Presha nayo itashukuru.

Mwenye kisukari cha miaka mingi ana jambo lake la ziada. Sukari huharibu mishipa ya fahamu ya kibofu, kibofu kikawa hakisikii kimejaa, na misuli yake ikachoka. Mkojo unabaki ndani kila mara, bakteria wanapata makazi. Mgonjwa wa namna hii akifanyiwa upasuaji wa tezi bila kibofu chake kuchunguzwa anaweza kuamka na njia pana lakini mkojo bado hautoki vizuri. Kwa hiyo kabla ya kukubali upasuaji, uliza maswali mawili: mkojo unaobaki baada ya kukojoa ni kiasi gani, na sukari yangu ya miezi mitatu, HbA1c, iko wapi. Sukari ikiwa juu, kidonda pia huchelewa kupona.

Kuhusu saratani ya tezi dume lazima niwe mwangalifu zaidi, kwa sababu hapa mambo hayaendi kwa mstari ulionyooka. Saratani huanza mara nyingi sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija, na hivyo mwanzoni haizuii mkojo hata kidogo. Anayekojoa kama kijana anaweza kuwa nayo. Wanaume wenye asili ya Afrika wana hatari kubwa zaidi ya kuipata kuliko wengi, na katika Tanzania na Kenya ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa wanaume. Tatizo letu kubwa ni kufika hospitali ikiwa imeshaingia kwenye mifupa.

Uhusiano wake na kitambi una mizunguko. Wenye kisukari cha muda mrefu hugundulika na saratani hii kidogo kuliko wengine, jambo linalowashangaza wengi, lakini wakiipata hali yao huwa mbaya zaidi. Wanene wana hatari kubwa zaidi ya kupata aina kali na ya kufa kwayo. Halafu kuna mtego wa kipimo. PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kutafuta saratani hii, hupimwa kwa kiasi kilichomo katika damu. Mnene ana damu nyingi zaidi mwilini, kwa hiyo namba huonekana ndogo kuliko hali halisi. Watafiti wa Marekani walilionyesha hili mwaka 2007. Vidonge vya finasteridi na dutasteridi, vinavyopunguza ukubwa wa tezi, navyo hushusha PSA kwa karibu nusu baada ya miezi sita hivi. Mzee mnene anayetumia finasteridi, akaenda maabara nyingine bila kusema, akaambiwa PSA ni nzuri, amepewa faraja isiyo na msingi. Taja dawa zako zote.

Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri mwanaume azungumze na daktari kuhusu kipimo hiki akiwa na miaka 50, na 45 kwa mweusi au mwenye baba au ndugu wa kiume aliyeugua kabla ya miaka 65. Nasema azungumze, kwa sababu PSA hupanda pia kwa maambukizi ya mkojo, kwa tezi iliyokua tu, na hata kwa tendo la ndoa au kuendesha baiskeli siku mbili kabla ya kupima. Na kile kipimo cha daktari kuipapasa tezi kwa kidole, kinachokimbiwa na wanaume wazima, hakichukui hata dakika moja. Wanaume waliovumilia jando wasinieleze habari za aibu.

Tukirudi kwenye kiuno: nini kinaweza kubadilika? Tezi iliyokwisha kukua hairudi kuwa ya kijana kwa sababu umepunguza kilo tano, na atakayekuahidi hivyo anauza kitu. Kinachobadilika ni kiasi cha mkojo, mkazo wa misuli, usingizi, na kasi ya mambo kwenda mbele. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998, uliofuatilia wanaume wa fani za afya, ulikuta wale waliotembea saa mbili hadi tatu kwa wiki walikuwa na hatari ndogo kwa robo ya kupata shida ya tezi iliyokua. Na mwaka 2002 mpango mkubwa wa kuzuia kisukari nchini humo ulionyesha kwamba watu waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Kwa wenye miaka 60 na zaidi ilikuwa asilimia 71. Wazee walifaidika kuliko vijana! Kwa mwenye kilo 85, asilimia 7 ni kilo sita. Si safari ya kutisha.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Tembea kiasi cha kuweza kuzungumza lakini usiweze kuimba. Anayelima bustani yake kwa jembe anahesabiwa. Anayesimamia vibarua akiwa amekaa kitini hahesabiwi.

Chakula chetu si kibaya, ila kipimo kimepotea. Nusu ya sahani iwe mboga, mchicha, matembele, kisamvu kisichoogelea katika tui. Robo iwe samaki, maharage, dagaa au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali. Watu wengi wamepindua: ugali ndio nyumba na mboga ndiyo bustani ya maua mlangoni. Dona lina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Kisha tazama kinywaji. Anayetia vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe na kunywa vikombe vinne kwa siku amekula vijiko kumi na viwili kabla hajagusa soda wala juisi ya miwa. Shirika la Afya Duniani lingependa tusizidi kama vijiko sita. Soda moja ina gramu 30 hadi 40, yaani vijiko saba hadi kumi. Bia na nyama choma za jioni zina makosa mawili kwa pamoja: tumbo linakua, na kibofu kinaamshwa usiku huo huo.

Maji usiyaache. Wazee wengi huacha kunywa kutwa nzima kwa kuogopa safari, mkojo ukawa mzito, ukaunguza kibofu, wakapata choo kigumu kinachoikandamiza tezi. Kunywa asubuhi na mchana, punguza kuanzia saa mbili au tatu kabla ya kulala, na chai na kahawa ziishie alasiri. Kwa wale wanaokwepa msikiti au ibada ndefu kwa hofu ya matone baada ya kukojoa: ukimaliza, subiri kidogo, kisha kwa vidole bonyeza nyuma ya korodani ukisukuma mbele polepole. Mkojo uliobaki kwenye bomba utatoka chooni badala ya kutoka kwenye kanzu. Udhu utakaa.

Dukani kwa dawa kuna hatari ndogo inayowapeleka wazee hospitali usiku wa manane. Inaanza kwa adabu kabisa. "Shikamoo mzee, mafua?" "Marahaba mwanangu. Mafua na kifua, nipe kile cha kunilaza." Anapewa klorofeniramini, au dawa ya mafua yenye kizibua pua cha sudoefedrini. Ya kwanza hulegeza kibofu kisisukume, ya pili hukaza njia. Mwenye tezi iliyokwisha kubana anaweza kuamka mkojo umeziba kabisa. Amitriptilini ya maumivu ya mishipa hufanya hivyo hivyo. Sema mapema: "Mwanangu, mimi nina tezi dume, na natumia dawa za presha." Mfamasia atakutafutia nyingine. Tamsulosini, inayolegeza njia, hushusha presha ukisimama ghafla. Anayeamka usiku akae kitandani kidogo kwanza, na taa ya njia ya msalani iwe karibu na mkono. Kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kwamba unaitumia au uliwahi kuitumia.

Kuhusu unga na chupa za "kuyeyusha tezi dume" zinazouzwa kwenye mabasi na kwenye simu, nitasema kifupi. Mmea maarufu kuliko yote duniani kwa kazi hii, mchikichi mdogo wa Marekani, ulipimwa mwaka 2006 na tena 2011 hadi dozi mara tatu, haukukishinda kidonge kisicho na dawa ndani. Vidonge vya vitamini E, vilivyodhaniwa vingekinga, vilionekana mwaka 2011 kuongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Mbegu za maboga na nyanya kula ukipenda. Ni chakula kizuri. Chupa isiyo na maelezo ya kilichomo usiinywe, hasa kama una figo, sukari au presha.

Kuna siku ambazo hazisubiri miadi wala daftari. Mkojo kugoma kabisa huku tumbo la chini likiuma. Damu kwenye mkojo. Homa na baridi pamoja na mkojo unaounguza. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na miguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu. Nenda saa hiyo hiyo. Kuwekewa mpira si hukumu ya maisha. Wengi hutolewa baada ya siku kadhaa dawa ikishafanya kazi, na mpira uliowahi huokoa figo.

Nimeacha mwisho kundi ambalo linahitaji ushauri huu kuliko wote na hulipata kwa nadra: wanaotibiwa saratani ya tezi dume kwa kuzimwa homoni ya kiume, ama kwa sindano ya mwezi au miezi mitatu, ama kwa kuondolewa korodani. Tiba hiyo huikaba saratani, lakini mwili usio na homoni hiyo hupoteza misuli, huongeza mafuta ya tumboni na huwa sugu kwa insulini. Kisukari kinaweza kuzuka kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nacho, mifupa ikawa dhaifu, na moyo ukaingia hatarini. Wapo wagonjwa ambao saratani imetulia lakini moyo ndio unaowaondoa. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza omba upimwe kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu, na urudie baada ya miezi mitatu, kisha angalau kila mwaka. Tembea, na ongeza mazoezi ya kuinua uzito mara mbili kwa wiki. Ndoo nusu ya maji inatosha kuanzia kama mifupa haijaguswa na saratani, na kama imeguswa, muulize kwanza daktari wako. Namba zote ziandikwe kwenye daftari moja, na daftari hilo libebwe kliniki ya saratani na kliniki ya sukari pia, ili daktari wa huku aone alichoandika wa kule.